Piano Haijui Babako Ni Nani

Wasee, mnamjua France Ellegaard? Alizaliwa Paris mwaka wa 1913, wazazi wake wakitoka Denmark. Babake, Thorvald, alikuwa staa wa mbio za baiskeli, bingwa wa dunia mara 6 kati ya 1901 na 1911. Mtaani tungesema dem ashaomoka kabla hata atambae.

Lakini piano haijui babako ni nani. Alisomea muziki hapo Paris, akapiga konsati Ulaya. Akaolewa na mchoraji wa Ufini, Birger Carlstedt, wakaishi huko, na baadaye akawa profesa katika Sibelius Academy, Helsinki.

Ni rahisi kumwita binti wa fulani, mke wa fulani. Mimi nakataa. Jina unaweza kurithi. Vidole lazima uvifunze mwenyewe.