Ziwa Victoria liliwahi kukauka

Ukisimama Capri Point jioni ukatazama maji mpaka yanapokutana na anga, ni vigumu kuamini kwamba miaka kama 16,000 iliyopita pale palikuwa na majani. Na sisemi kwamba maji yalipungua kidogo. Ziwa lilikauka.

Tunajuaje? Tope. Katikati ya miaka ya 1990, timu ya mwanajiolojia Thomas Johnson wa Marekani ilipima sakafu ya ziwa kwa mawimbi ya sauti, kisha ikazamisha mabomba na kutoa nguzo za mashapo. Juu kuna tope laini la ziwa. Chini yake, ghafla tu, udongo mgumu wenye nyufa za wima na mabaki ya vimizizi. Nyufa hizo unazijua kama umewahi kupita mbuga za Usukumani wakati wa kiangazi. Na udongo huo ulitoka kwenye kina cha karibu mita 70, sehemu za chini kabisa, kwa hiyo huwezi kusema maji yalijificha mahali pengine. Vipimo vya radiokaboni vinaonyesha maji yalirudi kati ya miaka 15,000 na 14,500 iliyopita.

Ziwa letu ni kubwa, ila ni kama sinia. Karibu asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha juu yake lenyewe, na mengi huondoka kwa mvuke, siyo kwa Mto Nile. Mvua ikizidi, tunaona kama Mei 2020, maji yalipovuka rekodi ya 1964. Ikikata muda mrefu, sinia linabaki tupu.

Iliikata nini? Maelezo yanayokubalika zaidi yanaanzia mbali: barafu ya Amerika Kaskazini ilimeguka na kumwagika Atlantiki, mzunguko wa bahari ukadhoofika, na pepo za monsuni zikalegea kuanzia Afrika hadi Asia. Nta ya majani ya kale iliyohifadhiwa kwenye mashapo, ambayo hidrojeni yake hutunza alama ya mvua, nayo inaonyesha ukame huo.

Sasa njoo kwa furu. Kama ziwa lilikauka, zaidi ya spishi 500 zilitokea ndani ya miaka 15,000 tu? Baadhi ya wanabiolojia walikataa kabisa. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulitoa jibu lililonishawishi: mababu wa furu walikuwa machotara wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, hivyo walirudi ziwani na utofauti mwingi tayari mwilini. Spishi nyingi kati ya hizo zilitoweka kufikia miaka ya 1980, baada ya sangara kupandikizwa. Meno yao yapo bado kwenye tope lile lile, na watafiti wanayatumia kujua ni samaki gani walifika kwanza maji yaliporudi.