Watu Wazima Mbioni Chini ya Kilimanjaro

Mtu wa miaka 45 akianza kukimbia alfajiri katika barabara za Shirimatunda, kata ya Manispaa ya Moshi, hakosi wa kumuuliza anakimbizwa na nani.

Ajabu ni kwamba mlimani hapa ustahimilivu wa mtu mzima haujawahi kuwa kioja. Kwa vizazi vingi akina mama wa Kichagga wameteremka nyanda za chini kukata majani ya ng'ombe wanaofugwa zizini, wakapanda nayo kichwani hadi kihambani, yaani shambani nyumbani. Wamebeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni na kurudi siku hiyo hiyo, na wengi wao walikwisha kuwa bibi. Hakuna aliyewauliza kama wataweza. Kilichokuwa kigeni ni mtu mzima kwenda mbio bila mzigo wala dharura.

Riadha ilikuwa ya wanafunzi na askari. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na Juma Ikangaa, bingwa wa marathoni ya New York mwaka 1989, wote walikuwa wanajeshi. Raia aliyepita umri wa shule alibaki mtazamaji.

Mwaka 2003 mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza Moshi, mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa tangu 1933. Zimekuwa zikianzia uwanja wa Chuo cha Ushirika, nazo humpokea yeyote aliyejiandikisha: karani, mwalimu, muuza duka.

Njia yenyewe ni mwalimu mkali. Kwanza wakimbiaji hutoka kwa barabara ya Dar es Salaam na kurudi mjini, ambako ardhi haina usumbufu mkubwa. Kisha, miguu ikiwa imeshachoka, wanaelekezwa juu, njia ya Mweka. Kijana aliyeanza kwa pupa huumbuka kwenye mwinuko huo. Aliyejipimia pumzi tangu mwanzo huendelea kupanda, hata kama mvi zimeshamtoka.

Kenya inao mfano mzito zaidi. Kenneth Mungara alikuwa kinyozi, na wateja wake wanariadha ndio waliomshawishi aanze mazoezi. Julai 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2:08:42, rekodi ya dunia wakati huo ya waliotimiza miaka 40. Mwaka 2018 Mkenya mwenzake Mark Kiptoo, mwenye miaka 42, alikimbia Frankfurt kwa 2:07:50.

Umri hupunguza uwezo wa mwili kutumia oksijeni, hilo ni kweli. Ila mazoezi ya kudumu huchelewesha sana upungufu huo. Wenye mashaka wana hoja moja ya kusikilizwa: shinikizo la damu hujificha. Anayeanza ukubwani apimwe kwanza, na Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mjini hapo hapo.