Elimu kama huduma ya biashara: Mkataba wa GATS na athari zake kwa shule na vyuo

BIASHARA ya kimataifa inapotajwa, wengi huwazia makasha ya shehena katika bandari ya Mombasa, majani chai yanayopigwa mnada na maua yanayosafirishwa Ulaya kwa ndege. Ni wachache wanaotambua kwamba masomo anayopewa mwanafunzi darasani nayo yamo katika orodha ya mambo yanayojadiliwa na Shirika la Biashara Duniani, WTO. Elimu imo katika orodha hiyo tangu Januari 1, 1995, siku ambayo shirika hilo lilianza kazi na Mkataba wa Jumla wa Biashara ya Huduma, maarufu kama GATS, ukaanza kutekelezwa. Kenya ni miongoni mwa mataifa yaliyokuwa wanachama tangu siku hiyo ya kwanza.

Asili ya mkataba

Kwa takriban miaka hamsini baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kanuni za biashara ya kimataifa zilihusu bidhaa zinazoshikika, kama vile nguo, nafaka na mashine. Mazungumzo ya Uruguay, yaliyoanza mwaka wa 1986 na kuhitimishwa kwa mkataba uliotiwa saini mjini Marrakesh, Morocco, Aprili 15, 1994, ndiyo yaliyoingiza huduma katika kanuni hizo. Mataifa tajiri, ambayo benki, kampuni za bima na za mawasiliano zilikuwa zikitafuta masoko mapya, ndiyo yaliyoshinikiza zaidi hatua hiyo.

Huduma ziligawanywa katika makundi 12, na elimu ikawekwa katika kundi la tano. Kundi hilo nalo lina sehemu tano: elimu ya msingi, ya sekondari, ya juu, ya watu wazima na elimu nyinginezo.

Njia nne za kuuza elimu

GATS inatambua njia nne ambazo huduma huvuka mipaka, na zote zinaonekana katika elimu. Ya kwanza ni huduma yenyewe kusafiri ilhali mwalimu na mwanafunzi wamebaki makwao, mathalani masomo yanayotolewa kupitia intaneti. Ya pili ni mwanafunzi kuifuata huduma ng'ambo. Mkenya anayelipa karo katika chuo kikuu cha Uingereza au India huhesabiwa kuwa amenunua bidhaa kutoka nchi hiyo, sawa na aliyeagiza gari.

Njia ya tatu ni taasisi ya kigeni kufungua tawi au shule katika nchi nyingine. Ya nne ni mwalimu au mtafiti kwenda kufundisha ugenini kwa muda. Njia ya tatu ndiyo inayozua mjadala mkali zaidi, kwa kuwa humleta mwekezaji wa kigeni chini ya sheria za nchi mwenyeji, na kwa hivyo humpa sababu ya kutaka sheria hizo zibadilishwe.

Ahadi na uzito wake

Mkataba huu haulazimishi nchi yoyote kufungua milango ya shule zake. Kila mwanachama huandaa jedwali la ahadi, akataja ni huduma zipi anazozifungua, kwa njia ipi na kwa masharti gani. Kenya iliorodhesha huduma kama vile za utalii, fedha na mawasiliano, lakini haikuitia elimu katika jedwali lake. Afrika Kusini vilevile haikuahidi lolote katika elimu. Lesotho, kwa upande wake, ilizifungua sehemu zote tano.

Nchi ikishatoa ahadi, majukumu mawili makubwa huifunga. Jukumu la kwanza ni kutoweka vizingiti kama vile kikomo cha idadi ya taasisi au cha umiliki wa wageni, isipokuwa vile ilivyovitaja mapema. La pili ni kuwatendea wageni sawa na wenyeji. Jukumu hili la pili linagusa hata ruzuku: nchi iliyofungua elimu ya juu bila kuweka sharti lolote inaweza kudaiwa iwape vyuo vya kigeni misaada inayowapa vyuo vyake binafsi.

Aidha, kuirudisha ahadi nyuma si jambo rahisi. Mwanachama hana budi kungoja miaka mitatu tangu ahadi ianze kutekelezwa, kisha ajadiliane na wanachama walioathirika kuhusu fidia, kwa kawaida kwa kufungua sekta nyingine. Serikali inayofuata hujikuta imefungwa na uamuzi ambao haikuufanya.

Utata wa elimu ya umma

Watetezi wa GATS hueleza kwamba shule za umma hazina la kuogopa, kwa sababu kifungu cha kwanza cha mkataba kinaziondoa huduma zinazotolewa kwa mamlaka ya serikali. Hata hivyo, kifungu hicho kina masharti mawili: huduma hiyo isitolewe kibiashara, na isishindane na mtoaji mwingine yeyote.

Hapo ndipo penye utata. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka wa 1998 kuwasajili wanafunzi wanaojilipia karo kamili, na vyuo vingine vya umma vikafuata mkondo huo. Je, chuo cha umma kinachotoza karo na kuwania wanafunzi na vyuo vya kibinafsi bado kinatoa huduma isiyo ya kibiashara? Mkataba wenyewe hautoi jibu la moja kwa moja. Kadiri serikali inavyopunguza ufadhili na vyuo vikajitafutia riziki sokoni, ndivyo kinga hiyo inavyozidi kudhoofika.

Hoja za pande mbili

Kati ya mwaka wa 2000 na 2001, Marekani, New Zealand na Australia ziliwasilisha mapendekezo katika WTO zikitaka vizuizi vya biashara ya elimu vipunguzwe. Hoja yao ilikuwa kwamba wawekezaji wa nje huongeza nafasi za masomo pale ambapo serikali haiwezi kuzitoa zote. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika nchi ambako vijana wengi wenye alama nzuri wamewahi kukosa nafasi katika vyuo vya umma.

Vyuo vikuu vya Afrika vilikuwa na msimamo tofauti. Katika mkutano uliofanyika Accra, Ghana, Aprili 2004, chini ya Muungano wa Vyuo Vikuu vya Afrika, washiriki walizitahadharisha serikali zisitoe ahadi za elimu ya juu kabla ya kuelewa vyema matokeo yake. Hofu kuu ni kwamba mwekezaji huchagua masomo yenye faida ya haraka na gharama ndogo, kama vile biashara na kompyuta, huku kilimo, historia, lugha na utafiti wa kisayansi vikiachiwa vyuo vya umma ambavyo mapato yao yanapungua.

Funzo kutoka Hungary

Wanaodhani kwamba ahadi hizi ni maandishi matupu watazame yaliyotokea Hungary. Aprili 2017, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyovitaka vyuo vikuu kutoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya viwe na mkataba kati ya serikali ya Hungary na nchi vilikotoka, na pia viwe vinafundisha katika nchi hiyo. Chuo kilichoathirika zaidi ni Central European University cha Budapest, kilichoanzishwa mwaka wa 1991 kwa ufadhili wa tajiri George Soros na kusajiliwa katika jimbo la New York.

Oktoba 6, 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba masharti hayo yalikiuka, miongoni mwa mambo mengine, ahadi ambazo Hungary ilitoa chini ya GATS. Uamuzi ulipotolewa, chuo hicho kilikuwa tayari kimehamishia masomo yake ya shahada za Marekani mjini Vienna, Austria.

Kesi hiyo ina sura mbili. Wapenda uhuru wa kitaaluma waliifurahia, maana mkataba wa biashara ulisaidia kukitetea chuo dhidi ya serikali. Lakini ilidhihirisha pia kwamba sheria ya elimu iliyopitishwa na bunge inaweza kupimwa kwa mizani ya biashara na kuonekana imepungua. Silaha iliyomlinda profesa leo inaweza kumlinda mfanyabiashara wa vyeti kesho.

Hali Afrika Mashariki

Kwa Wakenya, shinikizo la karibu zaidi halitoki Geneva. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 1, 2010, inaitaja elimu miongoni mwa huduma saba za kufunguliwa baina ya wanachama, na inawataka watambue vyeti vya masomo vya kila mmoja. Mei 2017, viongozi wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Lakini katika eneo huru la biashara barani Afrika, lililoanza kutekelezwa Mei 30, 2019, elimu haikuwekwa katika huduma tano za kutangulizwa.

Funzo lililopo ni kwamba usimamizi hutangulia ufunguzi. Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2012, yenye jukumu la kukagua viwango, vikiwemo vya taasisi za kigeni. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na papo hapo inaifanya mikataba iliyoidhinishwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Iwapo siku moja wajumbe wetu watataka kuiandika elimu katika jedwali la ahadi, haki hiyo ya mtoto ndiyo inayopaswa kusomwa kwanza, na wabunge, walimu na wazazi waone kila neno la jedwali hilo kabla halijatiwa saini.