Nicole na Baba Yake
Waingereza na Wafaransa wametaniana kwenye matangazo mengi, lakini mimi nayapenda zaidi ya gari la Renault Clio, yaliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1991. Katika tangazo moja, mzee anasinzia kitini, binti yake Nicole anatoka kwa kunyata, anawasha gari na kumfuata mpenzi wake. Kumbe mzee naye ana miadi yake! Wakirudi, kila mmoja anajifanya hajui kitu. Maneno yenyewe karibu ni mawili tu: "Nicole?" "Papa!" Renault, kampuni ya Kifaransa, iliichukua dhana ya Waingereza kwamba Mfaransa ni mtu wa mapenzi, ikauzia magari, bila kumdhalilisha mtu. Ule ni utani wa haki, kama ule wa makabila ya Wazaramo na Wanyamwezi huko Tanzania. Mwaka 1998, katika tangazo la mwisho, Nicole alimwacha Vic Reeves kanisani, akatoroka na Bob Mortimer, wachekeshaji wa Kiingereza wote wawili.