Historia ya Maneno ya Kihispania ya Kulehemu na Kukinga Mabomba, na Tafsiri Yake kwa Kiswahili

Mfasiri apewapo hati ya ufundi iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, aghalabu hulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi maneno yapo, ila historia yake ndiyo isiyojulikana. Mfano niliouchagua ni maneno ya Kihispania yahusuyo kulehemu mabomba ya chuma na kutengeneza ganda linaloyakinga na kutu. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, itifaki ya mwaka 2003 iliyorekebisha Hati ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ilikitaja Kihispania na Kiswahili pamoja miongoni mwa lugha rasmi, na kwa hiyo si ajabu lugha hizi mbili zikakutana mezani pa mfasiri. Pili, ufundi huu hausamehe kosa. Bomba likishafukiwa halionekani tena. Neno lililokosewa katika karatasi huja kudhihirika baada ya miaka, mafuta au gesi ivujapo.

Tuanze na tendo lenyewe. Mhispania husema *soldar*, neno litokalo katika Kilatini *solidare*, yaani kufanya kitu kiwe imara. Mswahili husema *kulehemu*, kutoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile lile la nyama: jeraha lifungapo, Mwarabu hutumia neno la shina hilo. Basi mmoja ameona uimara, mwingine ameona nyama mbili zikishikana. Lakini matumizi yao yanafanana sana. *Soldar* ni kuunga kwa risasi na ni kuunga kwa kuyeyusha chuma chenyewe. Na *kulehemu* vivyo hivyo. Waingereza wana maneno mawili mbalimbali kwa kazi hizo. Kwa hiyo mfasiri apitiaye Kiingereza ili kufika kwenye Kihispania hujitwika tofauti ambayo lugha hizi mbili hazikuihitaji. Ikibidi kupambanua, mafundi wetu wana neno *kuchomelea* kwa kazi ya umeme au gesi, nalo latosha.

Hapo hapo pana mtego. Kutoka katika Kilatini *solidus*, jina la sarafu ya dhahabu ya Warumi, Wahispania walipata *sueldo*, yaani mshahara, na kutokana nalo *soldado*, mtu alipwaye mshahara ili apigane, yaani askari. Lakini *soldado* ni pia namna ya kitenzi *soldar*, kwa maana ya kilicholehemiwa. Basi *tubo soldado* si bomba la askari, bali ni bomba lenye mshono wa kulehemu.

Historia ya Hispania ina jambo jingine limhusulo Mswahili moja kwa moja. Utawala wa Waislamu katika nchi ile ulidumu, kwa kupungua na kuongezeka, tangu mwaka 711 hadi 1492, na maneno mengi ya Kiarabu yalibaki katika midomo ya mafundi. Lami nyeusi itokayo katika mti au makaa huitwa *alquitrán*. Ukiondoa *al* ya Kiarabu mwanzoni, linabaki neno ambalo mabaharia wa pwani yetu walilijua kwa jina la *katrani*. Neno moja lilisafiri kwenda magharibi mpaka Hispania, na kusini mpaka Zanzibar. Ikawa kwa miaka mingi ya karne ya 20 mabomba ya chuma yalipakwa katrani ya makaa ya mawe na kuzungushiwa kitambaa ili yasile kutu ardhini. Mfasiri akutanaye na *alquitrán* hana haja ya kubuni wala kukopa. Neno limo katika kamusi zetu za zamani, likingoja kuitwa.

Lakini nasaba si dhamana. Mhispania wa zamani aliliita bomba la udongo la kupitishia maji *atanor*, na asili yake ni Kiarabu *tannur*, ndiyo *tanuri* yetu. Neno lililoanza kwenye moto likaishia kwenye maji. Atakayefasiri kwa kufuata asili peke yake atajenga jiko mahali pa mfereji.

Mtego mkubwa kuliko huo ni neno *bomba* lenyewe. Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na kunyang'anywa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, walituachia neno hilo kwa maana ya chombo cha kuvutia maji. Katika Kireno na Kihispania maana hiyo ingalipo, pamoja na ile ya kombora. Kiswahili kiliipanua: chombo kivutacho maji ni bomba, na mwanzi wa chuma upitishao maji ni bomba pia. Kwa hiyo hati ya Kihispania isemapo *bomba*, yataka mtambo wa kusukuma. Isemapo *tubo*, *caño* au *ducto*, kwa kadiri ya nchi, ndipo yataka bomba. Fundi aliyeamriwa kufunga bomba, hali hati yataka afunge mtambo, hana kosa. Kosa ni la mfasiri.

Neno *revestimiento* nalo latokana na kuvika nguo. Hutajwa kwa ganda la nje la bomba, na hutajwa pia kwa ganda la dawa lililo juu ya kijiti cha kuchomelea. Kijiti cha namna hiyo kilisajiliwa na Msweden Oscar Kjellberg mwaka 1907, baada ya Nikolai Benardos na Stanisław Olszewski kuonyesha ulehemu wa umeme kwa kijiti cha kaboni katika miaka ya 1880. Tena, katika visima vya mafuta vya Amerika ya Kilatini, *tubería de revestimiento* si bomba lililovikwa, bali ni bomba livikalo ukuta wa kisima. Kwa hiyo neno moja lataka tafsiri tatu: *ganda la kinga*, *ganda la kijiti*, na *bomba la ukuta wa kisima*. Kwa mstari wa chuma kilichoyeyuka, Mhispania asema *cordón*, kamba. Sisi tuna *mshono*. Kwa uchafu uelekeao juu ya mshono asema *escoria*. Wahunzi wetu walikwisha sema *mavi ya chuma*, na hapana sababu ya kuona haya.

Sasa tufike kwenye matengenezo ya ganda. Mabomba yaungwapo kondeni, ncha zake huachwa wazi, maana moto ungeliunguza ganda. Mshono ukishakaguliwa, chuma husafishwa, hupashwa moto na kufunikwa. Palipochubuka hutiwa *parche*, yaani kiraka. Kisha hupitishwa chombo cha umeme ambacho hutoa cheche kila mahali palipoachwa wazi. Mahali hapo Waingereza hupaita kwa neno lenye maana ya sikukuu, msemo wa mabaharia wa karne ya 18 kwa sehemu ya chombo iliyosahauliwa katika kupakwa lami. Mhispania mwangalifu huandika *discontinuidad*. Nasi tuna lugha ya watu wa *kalafati*, neno ambalo Wahispania wanalo katika *calafatear*: mahali hapo ni *pengo*, na chombo ni *kipima mapengo*. Aandikaye *sikukuu* ameacha pengo la pili juu ya lile la kwanza. Na wahenga walikwisha tuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika Hispania alikuwako padri Mjesuiti, Esteban de Terreros y Pando, aliyetunga kamusi ya maneno ya sayansi na sanaa iliyochapishwa kati ya 1786 na 1793, baada ya kufa kwake uhamishoni Italia mwaka 1782. Hakuridhika na vitabu. Aliingia katika karakana na kuwauliza mafundi majina ya zana na kazi zao. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Mfasiri na atazame kwanza historia ya neno, kisha aende kwa fundi, ndipo arudi mezani kuandika. Kamusi itamwambia neno limetoka wapi. Fundi atamwambia limefika wapi. Akikosa mojawapo, tafsiri yake itakuwa kama bomba lililofukiwa na pengo lake: zuri kwa kulitazama siku ile, na hasara kwa wajao.