Wahitimu wa biashara na kazi ya forodha: mambo ya kupima kabla ya kuajiri

Mhitimu wa shahada ya biashara anaweza kueleza faida za soko huria bila kufungua daftari, lakini akashindwa kuandaa nyaraka za kontena moja. Anayeumia ni mwenye mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamwajibisha kwa tamko lililotolewa na wakala wake. Kusema "kijana alikosea" si utetezi.

Ili kupunguza tatizo hilo, mamlaka za mapato, Jumuiya ya Afrika Mashariki na vyama vya mawakala chini ya shirikisho lao, FEAFFA, vilianzisha cheti cha pamoja cha kazi ya forodha na uwakala wa mizigo. Hata hivyo, cheti pekee hakitoshi. Mwajiri apime mambo matatu.

Kwanza, namba ya bidhaa. Tarakimu 6 za mwanzo ni za kimataifa. Jumuiya huongeza 2. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Namba ikikosewa, ushuru nao hukosewa.

Pili, thamani. Bidhaa za dola 10,000 zilizokuja kwa meli, nauli dola 1,500 na bima dola 100, hutozwa ushuru juu ya dola 11,600. Kwa asilimia 25 ushuru ni dola 2,900. Anayekokotoa kwa bei ya ankara tu atapata 2,500, na dola 400 zitadaiwa baadaye.

Tatu, uasili. Bidhaa ya Jumuiya inayokidhi vigezo haitozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine hubaki. Kwa shehena isiyozidi dola 2,000, kipo cheti cha uasili kilichorahisishwa.

Aidha, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo asiachwe akitoa fotokopi hadi muda wake uishe. Apewe nyaraka za mzigo uliokwisha kutolewa, akokotoe upya, kisha jibu lake lilinganishwe na malipo yaliyofanyika. Kosa likigundulika mezani ni somo. Likigundulika Namanga au Malaba, lori limesimama na posho ya dereva inahesabika.