Garimoshi, Mnara wa Ishara na Bega la Mpagazi



Wapenda picha za reli huithamini mno picha ya garimoshi la kale likipita kando ya mnara wa ishara, moshi umetanda, na mkono wa chuma ulio juu ya nguzo umeshushwa kumwambia dereva kwamba njia ni salama. Picha hiyo hupendeza. Lakini sisi wa Tabora yatupasa kuuliza: ni nani asiyeonekana ndani yake?

Kabla ya reli, mizigo ilipita hapa juu ya mabega. Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, walikuwa wamesafiri zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi, siku baada ya siku. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo, nguo na shanga zikapanda bara, na watumwa walipitishwa njia hiyohiyo kwa minyororo. Hata wamisionari wa kwanza waliopita hapa mwaka 1878 walibebewa mizigo yao na wapagazi.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wengi waliochimba tuta na kulaza mataruma walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ndugu wa wapagazi walijenga kwa mikono yao chombo cha kuutua mzigo.

Nafuu haikudumu. Vita vilipozuka mwaka 1914, majeshi ya pande zote yaliwakamata watu na kuwatwisha tena. Wabelgiji waliitwaa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Na katika vita hivyo wapagazi maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, wengi wao bila kaburi lenye jina.

Leo, katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ipo injini ya mvuke namba 3020, iliyoundwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950. Inaitwa Nyaturu, jina la jirani zetu wa Singida, kwa kuwa injini za aina yake zilipewa majina ya makabila ya Tanganyika. Basi kabila limeandikwa juu ya chuma, lakini mtu mmojammoja aliyebeba, aliyejenga na aliyechochea moto hakuandikwa popote.

Ndugu zangu, mkono ule wa ishara haukushuka wenyewe. Ndani ya mnara alikuwamo mtu aliyekesha na kuvuta wenzo, ili mamia ya abiria walale salama. Katika nyumba zetu wamo wazee waliofanya kazi relini, na zimo picha zao zilizofifia. Tuwaulize wangali hai, kisha tuandike majina nyuma ya picha hizo.